Mlipuko Ukitokea, Nani Ana Neno la Mwisho? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Magonjwa, Siasa na Usalama wa Kibaiolojia

Tangu korona ipungue makali, maswali haya hurudi kila panapozuka mlipuko mpya, iwe Marburg (homa kali ya virusi, ndugu ya Ebola) Kagera, Ebola Uganda au homa ya nyani Kongo. Tumeyakusanya na kuyajibu kwa jicho la Afrika Mashariki. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine yanaisha kwa sentensi chache.

Usalama wa kibaiolojia ni kitu gani hasa?

Ni sheria, taasisi na kazi zote zinazolenga kuzuia vimelea visidhuru watu, mifugo na mazao, viwe vimetoka porini, vimeponyoka maabara au vimeachiwa na mtu makusudi. Afisa anayekudai kadi ya njano mpakani yumo katika kazi hiyo. Bwana mifugo anayefunga mnada kwa sababu ya homa ya mapafu ya ng'ombe yumo. Anayeshika ufunguo wa jokofu la sampuli kwenye taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe naye yumo. Zamani watu hawa walifanya kazi yao bila kelele. Siku hizi kila uamuzi wao unaweza kuishia Ikulu, bungeni au mahakamani.

Je, siasa za magonjwa zilianza na korona?

Hapana. Mataifa ya Ulaya yalikutana Paris mwaka 1851 kubishana juu ya karantini za kipindupindu, tauni na homa ya manjano, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya meli kucheleweshwa bandarini na hasara ya wafanyabiashara. Zanzibar tunayo alama yake hadi leo: kisiwa cha Changuu, ambacho watalii hukiita cha wafungwa, kilitumika kama kituo cha karantini kwa wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano.

Kila janga limeacha kanuni mpya nyuma yake, na kanuni hizo karibu mara zote hujibu ugomvi uliopita. SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona, ilianza Guangdong, China, Novemba 2002, na dunia ikaja kuambiwa rasmi Februari 2003. Ilipokwisha ilikuwa imewaambukiza watu zaidi ya 8,000 na kuua 774. Matokeo yake ni Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na zinazozibana nchi 196.

Kwa hiyo nchi inalazimika kutangaza ugonjwa?

Inalazimika kuliarifu Shirika la Afya Duniani, WHO. Ina saa 48 za kulitathmini tukio, na ikiona lina uzito wa kimataifa ina saa 24 za kutoa taarifa. Jambo kubwa zaidi lililoletwa na kanuni za 2005 ni kwamba WHO inaruhusiwa kusikia kutoka kwingine, kwa daktari, gazeti au mitandao ya kijamii, kisha ikaiuliza serikali: hili tunalolisikia ni kweli?

Nchi ikikaa kimya, adhabu hakuna. Hakuna askari wa kanuni hizi, hakuna faini. Kilichopo ni aibu, na aibu haimuumi kila kiongozi sawasawa.

Basi kwa nini serikali huficha?

Kwa sababu kusema ukweli kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia aliyesema.

Tazama Omikron. Novemba 24, 2021 Afrika Kusini iliiarifu WHO kwamba wanasayansi wa ukanda huo wamekiona kirusi kipya cha korona. Ndani ya siku mbili tatu Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani wakazuia safari za kutoka nchi za kusini mwa Afrika, nyingine zikiwa hata hazijakutwa na kirusi hicho. Hoteli zikafutiwa oda za Desemba. Waziri yeyote wa utalii duniani aliyekuwa akitazama taarifa ya habari siku ile alijifunza somo, nalo halikuwa zuri.

Hiyo haimaanishi kila aliyeficha alikuwa na sababu ya maana. Tanzania ilitoa takwimu za korona mara ya mwisho Aprili 29, 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Siku chache baadaye Rais Magufuli akalieleza taifa kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara zikapewa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na korona. Mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Kuanzia hapo ni kupiga nyungu, tangawizi na maombi. Makaburini watu wanajionea wenyewe, lakini tarakimu hakuna. Julai mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni zikapiga marufuku kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Ulikuwa ni mtindo wa funika kombe mwanaharamu apite, ila safari hii kombe lilifunikwa kwa tangazo la serikali.

Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu Aprili 2021, na Julai 28 akachanjwa hadharani. Nchi ileile, chama kilekile, maabara ileile. Kilichobadilika ni mtu mmoja kule juu, na hapo ndipo penye udhaifu wa mfumo mzima.

Je, tabia hiyo imekwisha?

Imepungua, haijaisha. Linganisha milipuko miwili ya Marburg iliyopishana kwa miezi michache katika nchi jirani.

Rwanda ilitangaza ugonjwa Septemba 27, 2024. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya wa hospitali za Kigali, jambo ambalo serikali yoyote ingependa lisijulikane. Wakalisema. Wakatoa idadi ya wagonjwa na ya vifo kila mara, na dozi za kwanza 700 za chanjo ya majaribio zikatua Kigali kabla ya wiki mbili kupita. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha Desemba walikuwa wameugua 66 na kufa 15. Ugonjwa huu, kwa kawaida yake, huondoka na nusu ya waliougua au zaidi. Hata hivyo Marekani iliwatahadharisha raia wake wafikirie upya safari za Rwanda, na Kigali ikanung'unika kwamba imeadhibiwa kwa uwazi wake.

Kisha Biharamulo, mkoani Kagera. Januari 14, 2025 WHO ilisema imearifiwa kuhusu wagonjwa 9 wanaodhaniwa kuwa na Marburg, 8 wakiwa wamefariki. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zimepimwa na hakuna Marburg. Januari 20, Rais Samia akasimama Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha: sampuli moja, iliyopimwa katika maabara ya Kabaile huko huko Kagera na kurudiwa Dar es Salaam, imekutwa na virusi.

Siku sita. Kwa mwanasiasa siku sita si kitu. Kwa familia ya Biharamulo iliyoosha maiti na kuzika katika siku hizo, ni kitu kikubwa. Wala teknolojia haikukosekana, maana maabara ilikuwepo Kagera, ikiwa imekwisha kutumika katika mlipuko wa Bukoba wa mwaka 2023. Kilichochelewa ni ruhusa ya kusema.

Wakati wa korona, mipaka ilifungwa au haikufungwa?

Ilifungwa kwa abiria na kuachwa wazi kwa mizigo, na mzigo wote wa uamuzi huo akabebeshwa dereva wa lori.

Aprili na Mei 2020, ukifika Malaba unakuta foleni ya malori ya kilomita nyingi upande wa Kenya. Dereva anapimwa, sampuli inakwenda maabara ya mbali, majibu yanakuja baada ya siku kadhaa. Kwa muda huo anaishi chini ya trela lake: jiko la mkaa kati ya matairi, dumu la maji la kununua, kandambili, na utingo aliyelala ndani ya kabini akilinda dizeli isinyonywe. Vyoo havikuwekwa kwa ajili ya umati ule. Watu mia kadhaa wanasubiri pamoja wapimwe ugonjwa wa kuambukizana, tena wamebanana. Upande wa Uganda wanavijiji walikataa hata kuwauzia chakula. Rwanda ilitaka madereva wa kigeni wakabidhi malori kwa madereva wa Kirwanda pale Rusumo, na madereva wa Tanzania wakagoma.

Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria Mei 16, 2020. Hapo Namanga pakawa uwanja wa mashindano ya maabara: dereva anaambiwa na Kenya ana korona, viongozi wa mkoa wa Arusha wanasema tumempima upya hana. Kila nchi ikakataa cheti cha mwenzake. Kenya ilipofungua anga Agosti 1 bila kuiweka Tanzania kwenye orodha ya wasiohitaji karantini, Tanzania ikafuta kibali cha ndege za Kenya Airways, na ugomvi ukaendelea hadi katikati ya Septemba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikukaa bure. Iligawa maabara 9 zinazotembea kwa nchi wanachama, ikaanzisha mfumo wa kielektroniki ambamo dereva anapimwa mara moja na cheti chake kinasomeka kila mpaka. Mfumo mzuri, lakini ulikuja baada ya foleni, na Tanzania na Burundi hazikuwa na haraka ya kujiunga nao.

Ni kweli magonjwa yalitumika kuvuruga uchaguzi?

Ndiyo, na kwa njia tofauti tofauti.

Desemba 2018, Ebola ikiwa imeshika Kivu Kaskazini, tume ya uchaguzi ya Kongo iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, kwa hoja ya Ebola na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari. Maana yake kura za Beni na Butembo, ngome za upinzani, hazikuhesabiwa katika kumchagua. Watu walikwisha kuona masoko na makanisa yakijaa bila kuzuiwa. Baadhi walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa Beni siku iliyofuata. Wengine wakapanga foleni wakapiga kura yao ya kujiandalia, wakinawa mikono kwanza.

Burundi Mei 2020 iliwaambia waangalizi wa uchaguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba wakija watakaa karantini siku 14, muda ambao ungepita siku ya kura. Hawakuja. Mikutano ya kampeni, hata hivyo, ilijaa. Siku chache kabla ya kura serikali ikamfukuza mwakilishi wa WHO pamoja na wataalamu wengine watatu.

Uganda iliendesha uchaguzi wa Januari 2021 ulioitwa wa kisayansi, kampeni zikitakiwa kufanywa kwa redio na televisheni. Novemba 2020 Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alikamatwa kwa kosa la kukusanya watu kinyume na masharti ya korona, maandamano yakazuka, na zaidi ya watu 50 wakauawa. Mikusanyiko ya chama tawala haikukumbana na mkono uleule.

Polisi waliingiaje kwenye suala la afya?

Kupitia sheria iliyochaguliwa. Kenya ilitangaza kafyu Machi 2020 kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo ni sheria ya kupambana na fujo. Ukitumia sheria ya fujo, anayetekeleza ni mwenye rungu. Usiku wa kwanza wa kafyu, pale Likoni, Mombasa, abiria waliokuwa wakiwahi kivuko walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi, wakasongamana kuliko walivyokuwa. Kufikia mwanzoni mwa Juni mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi ilikuwa na taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na utekelezaji huo.

Kwa nini watu wa Beni na Butembo waliwashambulia waliokuja kuwasaidia?

Swali hili huulizwa kwa mshangao na watu wa mbali. Wenyeji hawashangai. Tangu 2014 wananchi wa Beni walikuwa wakichinjwa na waasi wa ADF, na msaada hauonekani. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, magari ya kukodi, wageni na dola zikafurika ndani ya wiki chache. Mtu akauliza kwa haki kabisa: hivi mnatuhurumia sisi, au mnaogopa ugonjwa wetu usifike kwenu? Watu wakauita biashara ya Ebola.

Wahudumu walipoanza kusindikizwa na askari, shaka ikawa uhakika. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa Februari 2019. Aprili, daktari wa WHO kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, akauawa hospitalini Butembo. Mlipuko ulikuja kuisha Juni 2020 ukiwa umeua watu 2,287, licha ya kuwapo kwa chanjo inayofanya kazi. Pale ambapo waliopona waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa na wazee wa mtaa wakahusishwa katika mazishi, milango ilifunguka. Kwa maoni yetu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika ukurasa huu: chanjo bila imani hukaa kwenye jokofu.

Mkataba mpya wa WHO utaipa mamlaka ya kutufungia ndani au kutuchanja kwa nguvu?

Hapana. Mkataba wa majanga uliopitishwa Geneva Mei 20, 2025 unasema wazi kwamba WHO haina mamlaka ya kuiagiza nchi ifunge shughuli, izuie wasafiri au ilazimishe chanjo. Video zinazozunguka WhatsApp zikidai kinyume chake hazinukuu kifungu, kwa sababu hakipo. Katika kamati nchi 124 zilikubali, hakuna iliyopinga, na 11 hazikupiga upande wowote.

Usichanganye mkataba huu na marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa ya mwaka 2024, yaliyoanza kutumika Septemba 19, 2025. Hayo yameongeza ngazi mpya ya tahadhari, dharura ya janga, juu ya dharura ya kawaida ya kimataifa. Marekani imeyakataa marekebisho hayo, na imejiondoa WHO kwa amri ambayo Rais Trump aliisaini siku aliyoapishwa, Januari 20, 2025.

Kama mkataba umepitishwa, mbona wanaendelea kubishana?

Wanabishania sampuli. Nchi maskini ndiko virusi vinakookotwa; nchi tajiri ndiko chanjo zinakotengenezwa. Mwaka 2007 Indonesia iligoma kutoa sampuli za mafua ya ndege, kwa hoja kwamba inazitoa bure kisha inauziwa chanjo iliyotokana nazo kwa bei isiyoweza kumudu. Ilitukanwa sana. Lakini mgomo huo ndio uliozaa, mwaka 2011, utaratibu wa kimataifa wa kugawana virusi vya mafua pamoja na faida zake.

Mkataba wa 2025 unataka kupanua wazo hilo: viwanda vitakavyojiunga vitenge asilimia 20 ya uzalishaji wao kwa ajili ya WHO wakati wa janga, angalau nusu yake ikiwa msaada. Namna ya kulifanya hilo iliachiwa kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na bila kiambatisho hicho mkataba hauwezi kuanza kuridhiwa.

Afrika ina sababu ya kukaza kamba. Mwaka 2021, watu wakisubiri chanjo kwa foleni, kiwanda cha Gqeberha nchini Afrika Kusini kilikuwa kikijaza chupa za Johnson & Johnson na shehena nyingine zinapelekwa Ulaya. Sasa Marekani inatafuta makubaliano na nchi moja moja. Desemba 2025 Kenya ilisaini makubaliano ya afya ya miaka mitano ambamo Marekani inaahidi hadi dola bilioni 1.6, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu inayohusu kuhamisha data za afya za wananchi. Kumbe sampuli na data zimekuwa mali ya kujadiliana bei. Ukienda kwenye meza hiyo peke yako, huna nguvu ya bara zima nyuma yako.

Na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, inasaidia nini hapo?

Ilizinduliwa Addis Ababa Januari 2017, baada ya Ebola ya Afrika Magharibi kuua zaidi ya watu 11,000 huku bara likisubiri wengine waamue. Agosti 13, 2024 ilitangaza homa ya nyani kuwa dharura ya bara, mara yake ya kwanza kutumia uwezo huo. WHO ikafuata kesho yake. Fedha zake bado zinategemea wafadhili kuliko ada za wanachama, na hilo linajulikana na kila anayekaa naye mezani.

Vipi kuhusu silaha za kibaiolojia na maabara?

Mkataba wa kuzipiga marufuku upo tangu 1972, ukaanza kufanya kazi 1975. Hauna wakaguzi. Jaribio la kuuwekea ukaguzi lilikwama mwaka 2001, Marekani ilipoukataa mswada. Miezi michache baadaye barua zenye kimeta ziliua watu 5 hukohuko Marekani, na tangu hapo fedha za usalama zikaanza kumiminika kwenye maabara za nchi nyingi, za kwetu zikiwemo. Ndiyo maana jengo la maabara katika mji wa Afrika Mashariki linaweza kuwa limejengwa na wizara ya ulinzi ya taifa la mbali. Si njama, ila mwananchi ana haki ya kuuliza nani analipa na nani anashika kumbukumbu.

Korona ilitoka maabara?

Haijathibitishwa, wala haijakanushwa kabisa. China haijatoa data zote ambazo wataalamu wa WHO waliziomba.

Fedha za korona ziliishia wapi?

Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, na sehemu kubwa inayoonekana ni madarasa 15,000. Wanafunzi kupungua darasani ni hatua ya afya pia, hilo hatulibishi. Hata hivyo darasa lina ukuta wa kubandika bango na siku ya uzinduzi. Kupima sampuli usiku hakuna utepe wa kukata, na ndiyo maana fedha za kawaida za maabara huwa za kwanza kukatwa. Kenya ilikuwa na kashfa ya manunuzi ya KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua dawa na vifaa tiba, ikazaa msemo wa mamilionea wa korona.

Nikiona vifo visivyoeleweka kijijini kwetu, nimwambie nani?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu. Tanzania piga 199, bure. Kenya piga 719. Sema mahali, idadi ya wagonjwa, dalili, na kama wapo waliogusana na mgonjwa au maiti. Usioshe maiti na usihamishe mgonjwa kwa bodaboda ukishuku Ebola au Marburg. Kutoa taarifa kwa wahudumu wa afya si kosa; kinachoweza kukuletea shida ni kurusha picha na majina ya wagonjwa mtandaoni. Ukiona siku mbili zimepita hakuna aliyekuja, piga tena, na andika tarehe na saa uliyopiga.